Pindua Kwanza

Moyo wa Mwalimu uko upande wa kulia. Sisemi kwa mafumbo, jamani, mimi nauza mchele, mafumbo nitayatoa wapi. Nasema moyo wenyewe, huu unaodunda. Kwake umekaa kulia, ini limehamia kushoto, na kila kilichomo ndani yake kimepangwa kinyume na changu na chako. Ukitaka kujua alivyo, jitazame kwenye kioo.

Aligundua akiwa mtu mzima kabisa, baba wa watoto. Alikwenda hospitali hapa Ifakara kwa kikohozi kisichoisha, akapigwa picha ya kifua. Mpiga picha alipoitazama akaomba radhi, akasema ameiweka kinyume, akampiga tena. Ya pili ikatoka vilevile. Akaitwa daktari, daktari akamwita mwenzake, wakawa wanaigeuza ile picha dirishani huku na huku, mpaka Mwalimu, amesimama kifua wazi na baridi inampiga, akawaambia waache kugeuza picha, wamgeukie yeye. Wakaweka kipimo upande wa kulia. Moyo huo hapo, unadunda kwa raha zake.

Mtu mwingine angeogopa. Yeye alirudi shuleni kama mtu aliyepandishwa cheo. Akatupanga foleni darasani, kila mmoja akaweka kiganja juu ya shati lake, kwanza kushoto, hamna kitu, halafu kulia. Nilipofika zamu yangu nikasema, kwa sauti ya darasa zima kusikia, kwamba kumbe Wangoni hata moyo waliwekewa mahali pasipo pake. Wenzangu walishaanza kunionea huruma kwa fimbo inayokuja.

Fimbo haikuja. Yeye ni Mngoni, mimi Mpogoro, na makabila yetu ni watani. Babu zake walikuja kuwavamia babu zangu, babu zangu wakakimbia, na wajukuu wakageuza mikuki kuwa maneno. Mwalimu aliniangalia, akasema nikae chini, mateka mimi, babu zake waliwakuta wa kwetu wamejificha kwenye matete ya Kilombero na mpaka leo masikio yetu yananuka kambale. Darasa likavunjika mbavu. Tangu siku ile hatukuwahi kupishana njiani bila kutukanana. Niliolewa akinitukana, nikazaa akinitukana, nikazika akinitukana. Na sasa ninachokitaka duniani, ukiniuliza, ni kimoja tu: anitukane tena. Hata mara moja, hata tusi bovu.

Alitufundisha hesabu, na hesabu za sehemu ndizo zilizokuwa zikitutoa machozi. Nusu gawanya kwa robo. Sisi tulijua kugawa ni kupunguza, maana nyumbani ugali ukigawiwa unapungua, hilo halihitaji shule. Mwalimu akaja na chapati, akaikata nusu, akauliza humu mna robo ngapi. Mbili. Kwa hiyo tumegawa na jibu limekua. Tukatazamana. Akasema siri yenyewe ni ndogo: ile sehemu ya pili ipindue, aliyekuwa juu ashuke, wa chini apande, kisha zidisha. Alikuwepo msichana aliyekuwa akilia kila akiona ule mstari wa katikati. Mwalimu hakumchapa wala hakumbembeleza. Alimwinamia tu akamwambia, "Pindua kwanza, ndipo ulie." Msichana akapindua, akapata, akasahau kulia.

Hilo ndilo likawa neno lake. Alimwambia aliyefeli mtihani, alimwambia aliyeachwa na mume, alimwambia hata padri mmoja aliyekuwa amegombana na kwaya. Mwaka ambao maji yalibeba shamba langu lote kule Mofu, mpunga umeshaanza kuchanua, nilikwenda kwake nikakaa barazani nikilia. Akaniacha kidogo, halafu akalitoa neno lake. Nikamuuliza kwa hasira nipindue nini, shamba au mto? Akasema mto umeniletea samaki pale nilipopanda mpunga, nikavue. Nilimtukana vibaya siku hiyo, na haukuwa utani. Kesho yake nikachukua nyavu za shemeji yangu nikaenda kuvua. Sikutajirika, msidhani hii ni hadithi ya namna hiyo, lakini watoto walikula.

Kupindua kulimkaa kichwani kama wengine wanavyokaliwa na mpira. Kanisani, alipokuwa akifundisha kwaya, alituimbisha do, mi, so, halafu akaitoa ile do ya chini na kuipeleka juu kabisa, akatuuliza tumesikia nini. Sauti ni zilezile, hakuna iliyoongezwa, lakini wimbo sasa unasikika kama mtu anayeuliza swali. Alifurahi peke yake kama mtoto. Sisi wengine tulikuwa tunawaza njaa.

Siku nyingine alikuja na boksi la sabuni. Alilitoboa tundu la sindano upande mmoja, upande wa pili akabandika karatasi aliyoipaka mafuta, akajifunika nguo kichwani pamoja nalo, akatuita tuchungulie. Nikaona barabara ya kwenda sokoni ipo juu na mbingu ipo chini, na mwanamke mwenye ndoo kichwani anatembea kichwa chini na maji hayamwagiki. Nilitoa kichwa haraka nikahakikisha mwenyewe kwamba yupo sawa. Mwalimu akasema jicho letu nalo ni boksi la namna hiyo. Jicho linapokea dunia ikiwa imepinduka, na kichwa ndicho kinachoirudisha. Kila siku, tangu unapofumbua macho, kichwa kinafanya kazi hiyo bila mshahara na hakilalamiki. Nilikuwa mdogo, nikamuuliza je, kikichoka? Akacheka, akasema cha Mpogoro kilishachoka siku nyingi.

Nimelikumbuka swali hilo mara nyingi mwaka huu.

Sasa mtu huyu anayependa vitu miguu juu, ungedhani heshima nayo aliichezea. Thubutu! Sijaona mtu mkali wa shikamoo kama yeye. Mtoto akimwamkia huku anatembea, au akaimeza nusu ya neno, Mwalimu hakugomba. Hakuitikia tu. Alimtazama, na kidevu chake kikaonyesha barabara. Hapo mtoto alijua: anarudi mpaka njiani, anageuka, anakuja tena taratibu, anasimama, mikono nyuma, anaisema kwa kinywa kizima. Ikitoka vizuri ndipo anaipata marahaba yake. Isipotoka, njiani tena. Wapo waliokwenda na kurudi mpaka jasho likawatoka. Mimi mwenyewe alinirudisha nikiwa mama wa watoto, na beseni la mchele kichwani, kwa sababu nilikuwa na haraka nikasema "kamoo". Nilirudi hadi njiani. Nilimtukana moyoni lakini nilirudi.

Kwetu sisi wawili utaratibu ulikuwa huo: shikamoo kwanza, marahaba, halafu ndiyo matusi. Nilimuuliza siku moja mbona mpinduaji wa kila kitu hapo hapindui. Akanijibu kwa upole, na upole haukuwa kawaida yake kwangu. Alisema lazima ijulikane kwanza nani yuko juu na nani yuko chini, la sivyo ukipindua utajuaje kama umepindua?

Kitu kingine alichokitaka kikae wima ni mtumbwi. Zamani, kabla ya daraja, alivuka Mto Kilombero kwenda kwenye msiba upande wa Lupiro, mtumbwi ukapinduka karibu na ukingo. Wenzake waliogelea. Yeye alikumbatia tumbo la mtumbwi hadi walipokuja kumbandua. Alifika msibani amelowa na bila kiatu kimoja, akakaa mwisho kabisa wa jamvi, na hakutaka mtu amuulize. Daraja lilipojengwa, ungedhani hofu imekwisha. Wapi. Alipofika darajani alishuka kwenye pikipiki, akamwambia dereva atangulie, yeye akavuka kwa miguu akishika chuma cha pembeni. Nilimwambia babu zake walivuka mito mingapi kuja kututeka, imekuwaje kizazi kikaharibika hivi. Akasema babu zake walipofika hapa walituona sisi, wakajuta, na uoga ulianza hapo.

Nilimwona akilia mara moja tu. Taarifa ya kifo cha mama yake ilimkuta darasani, mlinzi alikuja akamnong'oneza mlangoni. Mwalimu alirudi mbele ya ubao akasimama na chaki mkononi, machozi yanamtiririka. Hakuna aliyetufundisha la kufanya mwalimu akilia. Darasa zima tukaangalia miguu yetu. Tuliiangalia mpaka alipomaliza, akafuta uso kwa mkono wa shati, akasema ahsanteni, akaendelea na hesabu.

Na marehemu baba yangu naye alipokufa, Mwalimu alikuja kama mtani. Nawaambia, kama hujawahi kuzikiwa na watani hujazikiwa. Watu wamekaa, wanawake tunalia ndani, mara kelele nje. Natoka, namwona baba yangu. Kofia yake, fimbo yake, koti lake, ila limevaliwa ndani nje, bitana limetokeza na mifuko inaning'inia. Ni Mwalimu. Anatembea kwa mwendo wa baba ule wa kuvuta mguu, anakohoa kikohozi cha baba, anauliza kwa sauti ya baba ni nani ameruhusu watu wale wali wake. Makaburini alishuka akaketi mdomoni mwa kaburi, akasema hili ni la kwake, alishalipima na limemtosha, hatoki mpaka Wapogoro wamlete jogoo. Wajomba wakambembeleza. Akakataa. Nami, na uso umevimba kwa kilio, nikajikuta nacheka mpaka nashika tumbo, na nikiwa katikati ya kicheko ndipo nilipoelewa kabisa kwamba baba amekufa. Sijui kueleza vizuri zaidi ya hapo. Kazi ya mtani ni hiyo, anakuja kuushika msiba kichwa chini ili uweze kuuona.

Baadaye, jogoo ameshalipwa na tumekaa tunakunywa chai, aliniambia siku yake ikifika na mimi nifanye vivyo hivyo. Nivae koti lake la kahawia, ndani nje. Nikamwambia asiwe na shaka, nitalikalia kaburi lake mpaka Wangoni wote waje kunipigia magoti kutoka Songea. Akasema vizuri, ila nisije nikalia kama mjane, nitamtia aibu.

Basi hayo yote nimeyasema ili muelewe kwa nini hatukuona.

Alianza kuja kanisani amevaa shati ndani nje. Watu tukacheka, mimi nikacheka kuliko wote, nikamuuliza leo kafa nani. Akatabasamu. Alifika kwenye mkutano wa mtaa akasema kwa heri, alipoondoka akasema hodi, mwenyekiti akatikisa kichwa, "huyu mzee huyu." Alitia chumvi kwenye chai akainywa yote. Asubuhi moja alikwenda kwenye shule aliyostaafia, akajipanga mstarini pamoja na wanafunzi, mikono nyuma, na mwalimu wa zamu akaona ni mchezo, akamkagua kucha. Habari hiyo ilizunguka Ifakara nzima, tukaisimulia sokoni kwa kupokezana. Kwa mtu mwingine yeyote tungeshtuka mapema. Lakini mtani haugui, mtani anatania, ndivyo tulivyozoea, na kila kilichopinduka kwake tulikipigia makofi.

Mke wake ndiye aliyekuja kuniambia. Ni mama wa Kindamba, mpole, si mtu wa kutembelea watu asubuhi. Nilikuwa nimeanika mpunga kwenye turubai, naugeuza kwa miguu, maana usipogeuzwa unakauka juu tu na mashine inautoa chenga tupu. Alisimama ukingoni mwa turubai, akaniangalia nikienda na kurudi. Halafu akasema, "Mwanangu, ameniuliza mimi ni nani. Nikacheka. Akaniuliza tena."

Nilisimama palepale juu ya mpunga.

Tulimpeleka hospitali. Daktari alikuwa kijana, alipomsikiliza kifua akashangaa, akafurahi, akawaita wenzake waje waone moyo ulioko kulia. Wakaja, wakaweka vipimo vyao, wakatabasamu. Zamani Mwalimu angewapanga foleni akawapa somo zima. Safari hii aliwatazama tu mmoja baada ya mwingine kama anayesubiri kuambiwa avae shati. Daktari alituambia kwa ustaarabu kwamba moyo ni mzima, ini ni zima, ni ubongo unaochakaa, na dawa zilizopo zinaweza kuchelewesha kidogo lakini hazirudishi kilichokwenda. Mke wake akauliza je, akipumzika? Daktari akasema apumzike.

Alipumzika. Tukaleta na mengine: majani kutoka kwa mzee mmoja wa kijiji cha Kisawasawa, maombi ya kufunga, mafuta ya kupaka kichwani. Watoto wake wakapiga simu kutoka walikoajiriwa, wakalia kwenye simu, wakatuma dawa za mijini. Kila mtu alileta chake na hakuna kilichofika alipo. Mimi nikaleta nilichonacho, matusi. Kila nikienda namwamkia, kisha namrushia moja. Nilimwambia Mngoni amezeeka hadi amesahau alichokuja kuteka. Akanitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni anayeongea lugha ya kwao. Nikaenda siku nyingine na jipya, nikalitengeneza njiani, nikalirudia mara mbili asije akawa hajasikia. Akasema, "Ahsante." Mtani asiyejibiwa ni mtu anayetukana wazee tu. Nilijiona mtovu wa adabu, mtu mzima mimi, na bado wiki iliyofuata nikaenda tena na jingine.

Ikafika hii Julai. Mpunga umeshavunwa, watu wanachoma mabua mashambani, na moshi wa asubuhi umelala juu ya mji, hauendi juu wala hauondoki. Hili nalo alitufundisha yeye. Asubuhi za baridi, alisema, hewa ya bonde letu inapinduka: ya baridi inalala chini, ya joto inakaa juu yake kama mfuniko wa sufuria, na moshi unakosa pa kutokea. Hakuna cha kufanya ila kungoja jua. Nilipita kwenye moshi huo na mchele mpya kwenye mfuko, macho yananiwasha, nakwenda kwake.

Nilimkuta uani. Mke wake amekaa kwenye kigoda anachagua mchele kwenye ungo. Mwalimu amevaa lile koti la kahawia, na lilikuwa limevaliwa sawasawa, vifungo vyote isipokuwa kimoja. Aliponiona alisimama haraka, akavua kofia, akaweka mikono nyuma.

"Shikamoo, Mwalimu," akaniambia.

Sikuelewa. Kisha nikafurahi, Mungu anisamehe. Nilidhani amerudi, nilidhani hili ndilo tusi lenyewe nililokuwa nalingoja, kubwa kuliko yote. Nikamjibu kwa furaha kwamba leo Wangoni wamekubali hatimaye, wanatuamkia, kumbe vita tulishinda sisi. Nikangoja.

Uso wake ukaingiwa na wasiwasi. Akageuka, akaenda taratibu hadi njiani, akivuta vile viatu vyake, akafika kwenye nguzo ya umeme, akageuka, akaja tena. Akasimama mbele yangu palepale. Akaisema kwa nguvu zaidi, kwa kinywa kizima.

"Shikamoo, Mwalimu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikamshika mkono, nikamwambia hapana, Mwalimu ni wewe, mimi ni yule mtani wako, Mpogoro, mwenye masikio ya kambale. Mimi ndiye wa kukuamkia. Nikapiga goti kidogo kama inavyotakiwa, nikamwambia shikamoo. Yeye akawa ananitazama mdomo, na midomo yake ikawa inafuatisha. Alidhani namwonyesha jinsi inavyosemwa vizuri. Akatikisa kichwa kwamba ameelewa, akageuka, akaenda tena njiani.

"Mwitikie, mwanangu," mke wake akasema bila kuinua macho kwenye ungo. "Jana alikuja mgeni akaona haya kumwitikia. Alikwenda na kurudi mpaka miguu ikavimba."

"Mama, siwezi. Huyu ni Mwalimu."

"Najua ni nani. Mimi namwitikia tangu Pasaka."

Nilimtazama kwenye ule moshi. Alikuwa amefika kwenye nguzo, amegeuka, anajiweka sawa koti, anajiandaa. Mtu aliyenirudisha njiani na beseni kichwani. Nilitamani kuingia ndani nikajifungia, nilitamani jua litoke, nilitamani mtu mwingine yeyote apite pale aitikie badala yangu. Yeye akaja. Safari hii alikuwa amechoka, na sauti ilitoka ndogo, inakaribia kuvunjika, ya mtoto aliyejitahidi kadiri anavyoweza na hajui tena amekosea wapi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," nikasema. "Marahaba, mwanangu. Umeamkia vizuri sana."

Pumzi ikamshuka. Akatabasamu, lile tabasamu la darasani, nililijua. Akaniuliza kama anaweza kukaa. Nikamwambia akae. Nikainama kumfunga kile kifungo kilichosahaulika, kiganja changu kikagusa kifua chake upande wa kulia, na moyo ulikuwepo, palepale tulipouacha tukiwa darasa la sita, unakwenda mbio kwa safari zile za njiani.

Nilikuwa nimeshapindua. Ndipo nikalia, nikiwa nimesimama mbele yake, sikuweza kujizuia. Mwalimu akaniona. Akaweka kofia yake magotini, akaangalia miguu yake, akangoja nimalize.